Daipa Zangu, Lawama za Marion

Mpendwa Mama Susana, naomba unisaidie kwa sababu mambo yangu yanaenda vizuri isipokuwa jambo moja, na hilo moja linanifanya nishindwe kumtazama jirani yangu machoni.

Mimi ni mama wa pacha wa miezi minane hapa Lambwe, mume wangu Caleb anachimba dhahabu Osiri na huja nyumbani mwisho wa mwezi, na tangu watoto wazaliwe nilikuwa natumia daipa za dukani, kumi au zaidi kwa siku, mtoto anavaa mara moja unatupa, na huko kutupa ndiko kulinishinda, kwa sababu mama mkwe wangu, Mama Benta, anaamini ukichoma daipa mtoto atatoka vipele, na choo nacho kilikuwa karibu kujaa, basi nikawa nazijaza kwenye gunia la mbolea na kwenda kuzimwaga kwenye korongo chini ya shamba la Baba Joash, baba mdogo wa Caleb, asubuhi mapema kabla watu hawajatoka.

Miezi miwili iliyopita ng'ombe wa maziwa wa Baba Joash alikabwa, akawa anatoa mate na kurusha kichwa, daktari wa mifugo akaja akaingiza mkono mpaka kooni akavuta daipa iliyovimba kama mto. Ng'ombe alipona, asante Mungu, lakini Baba Joash alimgeukia Marion, msichana aliyepanga nyumba ya jirani na ana mtoto mchanga, akasema mbele ya watu wote, "Ni wewe! Kuanzia leo usipite shambani kwangu kwenda kuteka maji." Marion akalia, "Baba, si mimi!" Nami nilikuwa pale, mtoto mmoja mgongoni, nikanyamaza.

Siku ya soko nilienda Rodi Kopany kwa Sumeya anayeuza vitambaa, akanikatia flaneli, akanionyesha namna ya kukunja na kushona nepi, akaniambia, "Mama, hizi nimelea nazo watoto watano, nilinunua mara moja tu." Sasa nafua asubuhi, saa nane zimekauka, vipele walivyokuwa navyo mapajani vimeisha, Mama Benta mwenyewe anazianika akiimba, na gunia sijalishika tena. Ningekuwa na furaha kamili, lakini wiki iliyopita Marion alikuja nimfundishe kushona, na sindano ikiwa mkononi akaniambia, "Mama Pacha, ni wewe peke yako hukunisema vibaya." Tangu siku hiyo nikimwona anakuja naingia ndani. Je, kwa kuwa nimeshaacha, siwezi kunyamaza tu mambo yakapoa?

Liz, Lambwe

Liz mpendwa,

Hongera kwa pacha. Unawalea vizuri baba yao akiwa mbali, na kuhusu nepi sina la kukufundisha. Sasa nisikilize. Hapana, huwezi kunyamaza. Mambo yamepoa kwako wewe! Marion bado anazunguka njia ndefu na ndoo kichwani na mtoto mgongoni kwa kosa lako, halafu anakuja kwako kukushukuru. Uliogopa wakwe, naelewa, hata mimi nimeolewa. Lakini woga wako umemkalia mtu mwingine.

Anza na Marion, mkiwa wawili tu. Usibebe zawadi, wala usianze kumweleza habari za choo na vipele. Sema, "Ni mimi," kisha umwache aseme anachotaka, hata akikufukuza. Siku hiyo hiyo nenda kwa Baba Joash, umwombe awaite waliokuwepo, kwa sababu msichana alilaumiwa hadharani. Caleb mpigie wewe mwenyewe, asije akasikia kwa wachimbaji wenzake. Na huko korongoni kuna daipa zako za miezi sita. Vaa glavu, uziokote zote, uzifukie kwenye shimo refu mbali na maji. Ng'ombe wengine nao wana koo.

Mama Susana

Wiki tatu baadaye Liz aliandika tena:

Mama Susana, nilienda. Marion alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango. Baba Joash aliwaita watu, akamwomba Marion msamaha mbele yao, nami akaniuliza jambo moja tu: "Zimebaki ngapi huko chini?" Kesho yake alikuja na jembe, tukachimba na kuokota siku mbili, Mama Benta akitushikia gunia. Caleb alinigombeza kwenye simu mpaka salio likamwishia, jioni akapiga tena kuuliza kama nimekula.

Marion anapita shambani sasa. Wiki mbili alipita bila kugeuza uso. Jana alisimama kwenye ua, akawasalimia pacha, kisha akaniuliza kama ile flaneli bado ipo kwa Sumeya.

Nikamwambia ipo.

"Basi siku ya soko tutaenda," akasema.