Wimbo Wanaomtolea Bibi Harusi Ziwani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti limeacha kukuuma? Usinijibu tena kwamba unaendelea vizuri tu. Dada Atupele huniambia ukweli. Mimi ni mzima, ila nimechoka, na kilichonichosha si kazi.

Nilikutajia kwenye simu jirani yangu hapa kijijini Ziwani, Mzee Adelino, mkulima wa korosho ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Mzee huyu anapiga gitaa na hakufundishwa na mtu. Ujanani alimfanyia kazi Mmarekani mmoja aliyekuja kuchimba visima, na yule bwana alipoondoka alimwachia kaseti ya nyimbo za zamani za watu wa milimani kwao. Aliisikiliza mpaka utepe ukakatika. Akazishika zote kwa sikio, pamoja na Kiingereza chake, bila kujua maana ya neno hata moja.

Basi kila alasiri nikikaa kusahihisha madaftari, naye anaanza. Nyimbo zilezile. Mwanzoni nilifunga madirisha, na joto la huku unalisikia tu. Halafu nikajikuta nimeshika kalamu nasikiliza. Kidole gumba kinakwenda mwendo mmoja kama mtu anayetwanga, na vidole viwili vinazungumza juu yake taratibu, hadi unadhani wapigaji ni wawili. Nakiri ni muziki mzuri, na inaniudhi kukiri, maana ndicho kilichoniponza.

Nilikwenda kumsifu. Akafurahi, akaniomba, kwa kuwa ni mwalimu wa Kiingereza, nimweleze maana ya wimbo anaoupiga yeye wakati bibi harusi anapotolewa nje. Hakuna harusi hapa isiyo na wimbo huo. Nikamwambia aimbe polepole. Maneno yamesagika, ilinichukua muda kuyatambua. Mama, ni wimbo wa mwanamume aliyefiwa. Anamchana mkewe nywele, anamvika gauni lake la harusi, kisha anampeleka kaburini.

Najua ungesema ningenyamaza. Lakini aliniuliza mara mbili, nikasema.

Mzee akasema, "Mwalimu, huo niliupiga binti yangu alipoolewa." Akaingiza gitaa ndani.

Wiki mbili hakupiga. Nikaupata ule utulivu nilioutaka, na sikusahihisha kitu. Halafu lawama zikaniangukia mimi. Mama mmoja anayeozesha alinifuata hadi ofisi ya walimu, akasema nimemharibia mwanawe harusi kwa kumnyamazisha mzee. Nikajaribu kumweleza maana ya wimbo. Akajibu kwamba maana anaijua, kwa sababu naye alitolewa nje kwa wimbo huohuo, na mumewe yu hai, sasa hivi yuko nyumbani anachuna mbuzi. Utabishana vipi na mtu kama huyo?

Nikaenda kumwomba radhi mzee. Alikubali kupiga, lakini akaniambia kuimba hataimba, mdomo umekataa.

Jumamosi akapiga kweli. Bibi harusi akatoka, gitaa likaanza, na pale sauti yake ilipotakiwa kuingia pakawa patupu. Kina mama wakaingia wenyewe. Wanaujua wote, kila neno lililosagika, wakamsindikiza yule binti huku wakicheza na kutupa khanga miguuni pake. Mzee alinitazama. Sikujua niuweke wapi uso wangu, nikaimba. Mimi, mwalimu wa Kiingereza, niliimba makosa yote kama yalivyo, na machozi yakinitoka.

Mama aliyekuwa kando yangu akanishika mkono. "Mwalimu, usilie hivyo kama uko msibani," akasema. "Anaolewa hapo Magomeni yetu ya jirani tu."

Tangu jana mzee ameanza tena, na anaimba. Madaftari yamenirundikia hadi kwenye kiti.

Mpe dada Atupele shukrani zangu kwa kukutunza, na mwambie asikuache ubebe maji. Kaka Ambokile, fundi wetu, nimemkumbuka. Shangazi wa kanisani naye apate salamu, na aniombee subira, maana yangu imekwisha.

Ni mimi binti yako ninayekuwaza kila siku,

Tusajigwe