Nusu ya Boneti

Binti yangu,

Mwambie mama yako chai nimekunywa, na asilifute gari kwa kitambaa chochote. Paka akipanda juu, mfukuzeni.

Asubuhi nilikufokea kwa kulisugua gari langu jeusi kwa mashine na dawa ya kung'arishia bila ruhusa. Ulipoingia ndani umenuna, jua likachomoza juu ya ukuta, nikapigwa na butwaa. Nusu ya boneti ambayo hujaigusa imejaa mikwaruzo myembamba ya mviringo, kama utando wa buibui. Kwenye nusu yako, kama kwenye kioo, nimeona waya wa umeme, ndege aliyetua juu yake, hata mvi za ndevu zangu. Mwanangu, ufundi huu umeutoa wapi?

Miaka tisa nalaumu vumbi. Kumbe ni mkono wangu na lile taulo kuukuu, kila asubuhi, zungusha, zungusha.

~~Nusu iliyobaki iache, nitaimaliza mwenyewe.~~ Hapana. Imalize wewe, mimi nitakushikia ndoo.

Nimekwenda kazini kwa miguu, nisije nikalitia vumbi. Ule ufunguo ambao sijawahi kumpa mtu uko chini ya karatasi hii.

Baba, mzee wa taulo