Kitambulisho cha Wangechi

Kenol

Mpendwa Mama,

Pokea salamu zangu. Natumai goti limepunguza kuuma na baridi ya Wamagana haijawazidi. Mimi ni mzima wa mwili, ila nina hasira. Ningepiga simu, lakini nikisikia sauti yako nitakukosea heshima. Afadhali niandike.

Wangechi yuko hapa kwangu. Alinikuta hotelini nikikaanga chapati, amebeba sanduku lake la shule, amelowa mvua. Nikamuuliza kuna nini nyumbani. "Dada, nimefikisha miaka kumi na nane," akasema, kana kwamba ni kosa alilotenda.

Mama, kumbe chuo cha ufundi pale Nyeri kilimkubali asomee kazi ya stima, kuweka umeme majumbani! Kilichobaki ni kitambulisho tu, na chifu alitaka mzazi aende kumsimamia. Baba akamwambia, "Mimi si baba yako. Serikali ilikuleta, serikali ikuchukue." Na wewe ulikuwa hapo jikoni ukisonga ugali. Wangechi anasema hukuinua hata macho.

Alipoletwa na watu wa serikali, yatima ambaye hata darasa la kwanza hajaanza, nyinyi wawili mlisema mtamlea kama wenu. Kila likizo alichuna majani chai pamoja nasi, vidole vikipasuka kwa baridi. Baba alipolazwa, nani alilala kwa benchi hospitalini? Mimi nilikuwa huku. Mwanao Mwangi alisema ati ana kazi. Siku hiyo hakuna aliyemuuliza Wangechi baba yake ni nani!

Nimejaribu, Mama. Nilimpeleka kwa fundi anayeweka nyaya katika jengo jipya karibu na stendi. Alimjaribu siku moja, jioni akaniita kando: "Huyu msichana ako na kichwa. Lakini bila kitambulisho siwezi kumwingiza kwa mjengo, askari watanishika mimi." Sasa anaosha sufuria hotelini, yeye aliyefaulu mtihani kutushinda sisi sote.

Jumatatu tunakuja. Hatupitii nyumbani; tutakungoja asubuhi nje ya ofisi ya chifu. Baba akikataa, achana naye. Wewe ndiye uliyemlea, na mdomo unao. Usipokuja, nitarudi naye Kenol, na sijui nitakanyaga tena boma hilo lini.

Nisalimie nyanya yetu, Shosho, umwambie dawa yake ya kifua nitaileta. Msalimie ndugu yangu Mwangi, ingawa nina maneno naye pia. Na Baba umsalimie. Bado ni baba yangu.

Wangechi naye alitaka kukuandikia salamu hapa chini. Akashika kalamu, kisha akaniuliza, "Niandike Mama, ama niandike mama yako?"

Utamjibu wewe, mbele ya chifu.

Ni mimi binti yako,
Muthoni