Choo Changu Kimekataliwa Hospitali, Mkwe Wangu Bado Anakitaka

Kwako Shangazi wa gazetini,

Naomba msaada wako, ingawa kuomba si kawaida yangu, mimi ndiye huwa naombwa. Majibu yako nayasoma kwenye magazeti ninayokatia patani za nguo, mengine unajibu vizuri na mengine unajibu kama mtu aliyeacha sufuria jikoni, kwa hiyo hili langu lisome mpaka mwisho. Shule sikukaa sana, mwandiko wangu ni wa kuandikia vipimo vya viuno na mabega, lakini ninachosema nakijua. Na humu ndani nitasema mavi, kwa sababu habari yenyewe ni ya mavi, nyinyi huko mkitaka kuyapamba yapambeni.

Mimi ni fundi wa kushona, mtaa mzima wananiita Mama Cherehani, naishi na mwanangu wa kiume na mkewe na wajukuu wangu wawili, nyumba moja, choo kimoja, na cherehani yangu imeegemea ukuta wa hicho choo, kwa hiyo anayeingia na anayetoka nawajua wote. Mkwe wangu ni dereva wa basi la shule, mwanamke wa kazi, sitamsingizia, lakini tangu ajifungue mtoto wa pili tumbo lake halijatulia, linamkata, linajaa gesi, linamkimbiza, likichoka kumkimbiza linafunga siku nzima halafu linaanza upya. Mimi nilisema ni deko. Nilisema mbele yake na mbele ya wateja, kwamba matumbo ya siku hizi ni ya kioo, mimi naingia chooni alfajiri kabla watu hawajaamka vizuri, nakaa kwa raha zangu, natoka mwepesi kama niliyeoga, na yeye akigonga mlango anataka kuwahi basi namwambia asubiri, haja ya mtu mzima haikimbizwi. Yeye hunyamaza tu. Asubuhi hali kitu mpaka amalize kushusha watoto, wauza petroli wa njia yake yote wanamjua kwa kuwaomba choo, na majuzi alilisimamisha basi limejaa watoto akamwachia dada anayesimamia watoto akatoka mbio, mzazi mmoja akapeleka malalamiko, na tajiri wake amemwambia likitokea tena anamwondoa barabarani akaoshe mabasi.

Hospitali wamempima kila mahali, hata kamera wamempitisha, wakasema utumbo hauna kidonda wala uvimbe ila unafanya kazi kwa kushtukashtuka, na ni ugonjwa kweli, si deko, hilo nililisikia kwa masikio yangu kwa sababu siku hiyo nilimsindikiza. Dawa zikamsaidia nusu nusu. Ndipo wakamwambia kuna utafiti unafanyika hapohapo, wanachukua choo cha mtu mwenye tumbo zuri, wanakipima, wanakikoroga na maji yao maalumu, wanakichuja, halafu wanampitishia mgonjwa kwa mpira huko nyuma, ili vijidudu vyema vya yule mzima vihamie kwa mgonjwa na kumtengenezea tumbo. Aliponisimulia nilicheka mpaka nikajidunga sindano. Lakini aliposema mtu wa nyumbani anaweza kujitolea, akipimwa akafaa, Shangazi, mimi nilishasimama. Nani mwingine kama si mimi? Umri wenyewe walisema niko ukingoni, nikawaambia wapime tumbo, wasipime cheti cha kuzaliwa. Nikatangaza. Kila mteja niliyempima kiuno wiki ile alisikia kwamba hospitali kubwa imetaka mavi yangu.

Wakaniuliza maswali ambayo hata marehemu mume wangu hakuthubutu kuniuliza, nikajibu yote. Wakaniuliza kama natumia antibayotiki, nikasema mimi sili dawa, na nilisema kweli kwa nilivyojua, kwa sababu zile kapsuli za rangi mbili ninazochukua dukani, mbili leo tatu kesho, jino likiniuma au mafua yakinishika au mgongo ukikaza, hizo sikuzihesabu kuwa dawa, hizo kwangu ni kama chumvi, ziko tu ndani ya nyumba. Wakachukua damu, wakachukua na hayo mengine, nikarudi nyumbani natembea kama bibi harusi.

Kisha nesi akaniita peke yangu, akafunga mlango. Akasema nina vijidudu sugu kwenye utumbo, vilivyozoea dawa mpaka haviziogopi tena, na ndipo habari ya kapsuli ikatoka. Nikamwambia mimi siumwi. Akanijibu kwa upole, upole ulioniudhi kuliko matusi:

"Ni kweli mama, huumwi. Kwako vimelala. Kwake vinaweza kuamka."

Akasema majibu ni yangu, wao hawamwambii mtu, mkwe wangu ataambiwa tu kwamba mtoaji wake hataendelea na kwamba asubiri mtoaji mwingine aliyepimwa. Nikatoka pale, na nilipofika nyumbani, mdomo huu uliotangaza mtaa mzima ukashindwa kusema neno moja la kweli. Nikasema nimebadili mawazo. Nikasema nimefikiri nimeona ni uchafu, sitaki mavi yangu yaingizwe kwa watu.

Mwanangu alipandisha sauti. Mkewe hakupandisha. Alikuwa anavua viatu vyake vya kazi, akaniangalia, akasema:

"Mama, sikukuomba figo. Nilikuomba kitu unachokimwaga kila asubuhi."

Tangu siku hiyo ananiamkia na kunipakulia chakula, adabu yote ipo, ila hacheki tena na mimi, na wajukuu wameona. Kama ingeishia hapo ningevumilia, nimeshanuniwa na watu wengi maishani. Lakini kusubiri mtoaji mwingine kumemchosha, na mwanangu ameona video kwenye simu, watu wanajifanyia wenyewe nyumbani kwa blenda na mpira wa enema, ule wa kupitishia maji huko nyuma. Juzi amenijia chumbani na kopo tupu la aiskrimu, limeoshwa, lina mfuniko, akanibembeleza kama nilivyombembeleza yeye anywe dawa ya minyoo utotoni. Shule zinafungwa wiki ijayo, basi litapumzika, wanataka wafanye hapo. Na blenda ni yangu.

Nimewaza mengi. Nimewaza niache kapsuli kidogo halafu nitoe, labda vitakuwa vimekufa. Nimewaza nitoe kidogo sana, kijiko, ili amani irudi. Nimewaza hata nichukue cha mjukuu wangu mdogo kwenye poti niseme ni changu. Nikisema hapana tena, mimi ni mama mkwe katili. Nikisema ndiyo, naweza kumuua mama wa wajukuu wangu. Nikisema ukweli, mimi niliyemwita mwenye tumbo la kioo nitakuwa ndiye niliyekataliwa, na mtaa utacheka mpaka uchoke. Kopo liko chini ya kitanda changu. Niambie nifanye nini, na usinizungushe.

Mama Cherehani


SHANGAZI ANAJIBU

Shikamoo Mama Cherehani. Nimeshakuamkia, heshima yako umeipata, sasa kaa nikuseme.

Usitoe. Si kopo, si kijiko, si ncha ya kidole. Kabla ya kushika kalamu nilimpigia daktari wa matumbo ninayemwamini nikamsomea barua yako. Alicheka hapo kwenye sindano kisha akaacha kucheka. Anasema wapo wagonjwa waliokufa kwa vijidudu sugu vilivyopita katika choo cha mtu aliyeonekana mzima kabisa, anayekula na kutembea kama wewe, na ndiyo maana siku hizi vinatafutwa kabla ya kitu kingine. Kuacha kapsuli wiki moja hakuvifukuzi. Vinaweza kukaa humo miezi, hata zaidi, na kwa jicho huvioni. Na hilo wazo la kumvizia mjukuu kwenye poti lifute leo. Mtoto hajapimwa, na wewe umeshadanganya vya kutosha kwa umri wako.

Na si chako tu. Mwanao akikosa chako ataomba cha shemeji, cha jirani, cha rafiki wa kazini. Mwambie video haikuonyesha homa ya ini, haikuonyesha virusi, haikuonyesha minyoo. Blenda haisagi hivyo. Mpira ukiingizwa na asiyejua unaweza kutoboa utumbo. Kopo litoe chini ya kitanda ulitupe, na blenda irudi kwenye juisi.

Jambo la pili, pengine litakupunguzia mzigo. Wewe unadhani umemnyima mkwe wako uzima. Hujamnyima. Tiba hii inasifika kwa kuharisha kwa aina nyingine, kule kubaya kunakokuja baada ya antibayotiki na kurudi kila ukikutibu. Kwa tumbo la mkwe wako bado wanachunguza, na ndiyo maana inaitwa utafiti. Wengine wamepata nafuu, wengine hawakupata kitu, wengine nafuu ilikuja ikaondoka. Asitoke kwenye foleni ya hospitali. Na huku anasubiri arudi kwa daktari wake aseme wazi kwamba dawa zimemsaidia nusu, maana nusu si mwisho: kuna kubadili chakula kwa kuelekezwa na mtu anayejua, kuna dawa nyingine, kuna mafunzo ya kutuliza huo utumbo unaoshtuka. Aombe pia barua ya daktari kwa tajiri wake. Ugonjwa ulioandikwa na daktari tajiri hawezi kuuita uzembe kirahisi.

Sasa wewe. Umekataliwa kuwa mtoaji, hujakataliwa kuwa mtu. Hao wanaojitolea, wengi wao hurudishwa mlangoni, vijana wenye afya zao, na hawaendi kujificha. Huna ugonjwa wa kukutia aibu. Nawa mikono kwa sabuni kila utokapo chooni na kabla hujagusa chakula cha watu, na kapsuli zilizobaki zirudishe duka la dawa, usimgawie jirani kwa ukarimu. Jino likiuma nenda kwa daktari wa meno. Na siku ukilazwa hospitali, waambie mapema ulichoambiwa na nesi.

Kinachonisikitisha ni kwamba umekubali mtoto wa watu akuone mchoyo kuliko akuone umekosa. Unamjua anavyonyamaza. Umesema ugonjwa wake ni deko, akanyamaza. Umemfungia mlango wa choo tumbo likimkata, akanyamaza. Mara moja tu amefungua mdomo, na alichosema kimekuingia mpaka ukakiandika kwenye barua. Huyo usimtumie ujumbe kupitia mwanao. Mwite mwenyewe, jioni hii, kabla shule hazijafungwa, umkalishe kwenye kiti cha wateja. Mwambie, mwanangu, sikukukatalia, mimi ndiye niliyekataliwa, na sababu yake ni hii. Usianze na hadithi ya nesi wala ya ujana wako. Akikasirika, mwache akasirike. Akicheka, cheka naye. Mtaa ukicheka, wapime viuno walipe waende zao. Mwanao aitwe baada ya hapo, na aambiwe na nyinyi wawili.

Na kuna kitu umekiandika kwa kupita tu, kama si kitu, mimi nimekirudia kukisoma. Choo kimoja. Wewe, ambaye huna basi la kuwahi, unakaa humo alfajiri kwa raha zako, na mgonjwa amesimama nje ya mlango na funguo za basi mkononi.

Kesho ukisikia anaamka, baki kitandani. Haja yako ni ya raha, itangoja. Mwache aingie kwanza, akae anavyotaka, atoke akiwa tayari, na wewe usimgongee. Ulitaka sana kumpa kitu cha asubuhi. Mpe hicho, hakihitaji kupimwa.