Fremu ya Chini ya Ngazi

Tarehe 4 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii, na mama akikurudishia maneno yangu anayapunguza nusu. Mimi ni mzima, ila nimechoka, ule uchovu wangu wa kawaida. Bado niko hotelini, chumba cha kufulia, upande wa mashuka. Nyie hamjambo? Masikio yako je? Mama kaniambia siku hizi unaitikia kabla mtu hajasema, ili usionekane husikii.

Nina jambo. Chini ya ngazi za jengo ninalokaa kulikuwa na vitu vya wapangaji waliohama: magodoro, kabati lisilo na mlango, ndoo zilizopasuka. Msimamizi aliamua kutupa vyote. Katikati ya ile takataka nikaona fremu ya BMX, ile baiskeli ndogo ya kurukia matuta, tupu, haina magurudumu wala usukani. Ni nyeusi, rangi imepakwa kwa brashi, na stika zote zimekwanguliwa. Nikamuuliza ni ya nani. Akasema ni ya atakayeiondoa, basi nikaiondoa.

Nataka kujua ni fremu gani na kama inafaa kupandwa. Nyuma ya kituo cha zimamoto hapa kuna uwanja wa matuta, na Jumapili wanapanda watu wazima, hata wanawake wa umri wangu. Nimekwenda kutazama mara tatu. Sijapanda tangu ile siku, unajua. Kwa wiki nzima nakunja mashuka ya watu, nikifika chumbani nalala. Ningependa kuwa na kitu kimoja kisichokuwa kazi.

Naomba unisaidie kuitambua. Kwa fremu, simwamini mwingine.

Bintiyo


Tarehe 26 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Barua imefika na tumeisoma, mama yako mara mbili. Sisi hatujambo, magoti tu yanalalamika nikiinuka. Masikio ni yaleyale. Nyundo za miaka thelathini haziwezi kuacha mtu hivihivi.

Kuhusu fremu, mimi nilishaacha. Kibanda cha kujengea fremu nilikifunga, na unajua tangu lini. Siku hizi naziba pancha za majirani na kukaza breki, basi. Mtu akija kuniuliza fremu hii ni nzima au mbovu, namwambia aende kwa mwingine. Huko uliko mafundi hawakosekani. Mtafute mmoja, aishike kwa mikono yake.

Kula vizuri. Mama yako anasema sauti yako imekonda.

Baba yako


Tarehe 15 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini magoti yametulia. Mimi sijambo, ila wiki hii mashine mbili zimekufa na tumefua shuka nyingine kwa mikono kama zamani.

Nilikwenda kwa fundi kama ulivyosema. Ana duka safi, la vioo. Aliitazama fremu kwa muda wa kufunga kamba ya kiatu, akaniuliza stika ziko wapi. Nikamwambia hazipo. Akasema isiyo na jina haina kitu, niipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Hakuigonga wala kuigeuza. Nilitoka pale nacheka peke yangu, nikikumbuka ulivyokuwa ukiwafukuza kibandani watu waliosoma stika badala ya kusoma fremu.

Sasa acha nikuulize jambo ambalo sijawahi kukuuliza, maana kwenye karatasi huwezi kujifanya hukusikia. Ni miaka kumi tangu nianguke kwenye mashindano. Nilikaa hospitali wiki tatu na ulikuja kila siku. Ulikaa kwenye lile benchi hukusema kitu. Nilipotoka ukafunga kibanda. Tangu hapo tumekuwa watu wa hujambo na sijambo. Mimi nilidhani umenichoka. Nilidhani nimevunja fremu uliyoijenga mwenyewe, mbele ya watu wote, nikakuharibia jina. Ndiyo maana nilipopata kazi ya mbali sikukaa kufikiri.

Mkono wa kushoto haukunjiki mpaka mwisho, lakini unashika breki. Nimeujaribu kwenye ufagio. Sikuombi lolote kuhusu huo mkono. Nakuomba tu uniulize maswali kuhusu fremu kama ulivyokuwa ukiwauliza wateja.

Bintiyo


Tarehe 7 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Mama yako anakusalimu, anasema shuka zisikuue.

Hukunichosha hata siku moja. Hilo lijue kwanza. Mengine nitayaeleza nikiyaweza.

Huyo fundi wa vioo ni bure kabisa. Stika hata mimi naweza kukuchapishia. Chukua karatasi, uandike, na usinijibu kwa kukisia.

Kwanza uzito. Pima fremu peke yake. Pili sumaku: ikinata ni chuma, isiponata ni alumini, na kwa alumini ya kuokota sitaki hata kuzungumza. Tatu, ingiza kidole ndani ya bomba la kiti. Ukigusa mstari unaoshuka kama kovu, ni bati lililokunjwa likachomelewa, fremu ya kuchezea. Kukiwa laini kote, ni bomba lililovutwa zima, na huenda ni ile kromoli, chuma chepesi kinachostahimili. Nne, geuza fremu, sugua chini pale pedali zinapopita, usome namba. Angalia pia rangi zilizoko chini ya hiyo nyeusi.

Tano, uzi, wa kujua kama fremu imepinda. Funga kwenye sikio la nyuma la kushoto, pale ekseli inapokaa, uuvute mbele uzunguke bomba la kichwa, lile la kushika usukani, urudi ufunge sikio la kulia. Pima kutoka kwenye uzi hadi bomba la kiti, pande zote mbili. Unakumbuka nilivyokuwa nikikushikisha huo uzi kabla hujajua kusoma rula, ukaninyima usingizi kwa maswali. Kiroboto kweli wewe.

Sita, vikombe vya beringi ndani ya bomba la kichwa. Vipo? Vimekaaje? Saba, na hili usiliruke: pitisha ukucha chini ya bomba la chini, kuanzia kichwani kurudi nyuma urefu wa shubiri moja. Polepole, mchana, karibu na dirisha. Niambie ukucha umekutana na nini.

Sijasema nitatoa hukumu. Nauliza tu.

Baba yako


Tarehe 25 Aprili

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo sana. Barua yako niliisoma nimesimama mlangoni, na kiatu kimoja mguuni. Mimi mzima, na safari hii nasema kweli.

Nimepima kwenye mizani ya mashuka, mkuu wa zamu akanitazama kama nimeleta mbuzi. Kilo mbili na robo. Sumaku imenata. Ndani ya bomba la kiti ni laini kote, nimezungusha kidole mpaka kikatoka cheusi, hakuna mstari. Namba ina herufi mbili na tarakimu sita, nimekuandikia nyuma ya karatasi. Chini ya nyeusi kuna kijani, na chini ya kijani kuna nikeli inayong'aa, Baba. Nimesugua sehemu ndogo kama ukucha na nimejiona uso.

Uzi nimeomba kwa mshonaji wa hoteli. Kushoto milimita thelathini na moja, kulia thelathini na moja. Nimerudia mara nne. Uchomeleaji wake ni mdogo na umelingana, kama ule uliokuwa ukinionyesha kwenye fremu za watu wenye pesa. Masikio ya nyuma ni membamba kidogo, milimita nne na nusu. Kuna vitundu vitatu vya waya wa breki.

Vikombe vya beringi vipo viwili. Cha chini kilidondoka chenyewe nilipoigeuza, nikakirudisha kwa kidole bila shida yoyote, kwa hiyo hata nyundo haitahitajika.

Kule uwanjani kuna mama mmoja muuguzi, ana magurudumu ya akiba na foku, ule uma wa gurudumu la mbele. Amesema tukiwa tayari tutaijenga Jumapili yoyote. Nimeshaona itakavyokuwa. Nitaacha ile nikeli ionekane.

Niambie basi. Neno moja tu linanitosha.

Bintiyo


Tarehe 21 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa, si kwa ugonjwa. Barua hii nimeianza mara nyingi, nikawa nachana. Mama yako hataisoma kabla sijamwambia mwenyewe yaliyomo.

Kwanza fremu yako. Hiyo ni fremu ya mashindano, ya mbio za matuta. Masikio membamba na uzito huo ni kwa ajili ya kasi. Ni bomba zima, kwa kila dalili kromoli, limepakwa nikeli chini ya rangi, limechomelewa na mtu asiyekuwa na haraka, na waya wa breki umepewa njia. Ina zaidi ya miaka ishirini. Jina la kiwanda silijui, namba hiyo sijawahi kuiona, na sitabahatisha. Ilipotoka kiwandani ilikuwa fremu bora kuliko zote ulizowahi kupanda, na zangu zimo.

Sasa ikate.

Kikombe cha beringi huingizwa kwa nyundo ya mti. Kikidondoka chenyewe, mdomo wa chini wa bomba la kichwa umepanuka, na hiyo maana yake fremu iligonga kitu kwa mbele, kwa nguvu. Ikigonga hivyo, bomba la chini hujikunja pale karibu na kichwa. Ndiyo maana mtu akaja na brashi na rangi nyeusi nzito.

Nilikuuliza mambo saba, mwanangu. Umejibu sita. Wewe nilikufundisha uzi kabla ya rula, huwezi kusahau la saba. Ulilijua hilo kunjo tangu ulipoitoa chini ya ngazi, ukanyamaza ili nikuambie panda.

Sina uso wa kukugombeza. Sasa soma hili ukiwa umekaa.

Ile Alhamisi kabla ya mashindano yako, nilikuwa naosha fremu yako, nikaona ufa. Ulikuwa chini ya kichwa, mfupi kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Ungekuwa wa mteja ningekata fremu mbele yake hata akilia. Lakini ulikuwa umefanya mazoezi mwaka mzima, na sikuwa na muda wa kujenga nyingine. Nikapitisha moto juu yake, nikapiga tupa, nikapaka rangi. Moto wangu ulikidhoofisha chuma cha pembeni, na nilijua unaweza kufanya hivyo. Jumapili asubuhi ulikuja na glovu mkononi ukaniuliza, Baba, nzima? Nikasema nzima.

Ilikatika palepale kwenye tuta la pili. Watu walilaumu tuta, wengine walilaumu mabomba. Mimi nikawaacha walaumu. Pale kwenye benchi la hospitali kila siku nilikuja na hili neno, na kila siku nikarudi nalo. Hukuniharibia jina. Mimi ndiye niliyekuharibia mkono, na nikakuacha uende mbali ukidhani ni kosa lako.

Sina la kujitetea. Fanya utakavyoona. Ila fremu ikate, hata kama hutaniandikia tena. Usimpe mtu, usiirudishe chini ya ngazi.

Baba yako


Tarehe 30 Septemba

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Mama alinipigia mwezi wa sita, akasema umemwambia, na kwamba kwa siku kadhaa nyumbani hapakuwa na maongezi. Natumaini yamerudi.

Nilikata fremu. Niliazima msumeno kwa seremala wa hoteli, nikakata kwenye lile kunjo. Ndani kulikuwa na ufa unaokaribia nusu ya bomba, umeshika kutu. Kwa nje ukucha ulikuwa ukiteleza tu kwenye wimbi dogo. Nililiona siku ya kwanza, ni kweli. Nilijiambia kama Baba akisema nzima, basi ni nzima.

Miezi minne nimekuwa nakujibu kichwani huku nakunja mashuka. Barua nyingine zilikuwa za matusi, na sioni haja ya kukuficha. Ulijua, Baba. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilikuuliza, na ulijua. Kuna siku nilijaribu kufungua kopo mkono ukagoma, nikakuchukia mpaka nikakaa chini. Siwezi kusema nimekusamehe, sijafika huko, na nimechoka mno kujifanya. Lakini miaka yote nilidhani ukinitazama unaona aibu niliyokuletea. Sasa najua ilikuwa ni nini, na hata hasira hii naibeba vizuri kuliko ule ukimya.

Nina fremu nyingine. Yule muuguzi ameitoa kwenye banda lake. Nayo haina jina. Naanza na mabaya. Uzi unanipa kushoto thelathini na mbili, kulia thelathini. Kuna mbonyeo kwenye bomba la juu, unaingia ncha ya kidole cha shahada, haujachanika. Sikio la kulia limewahi kupigwa tupa na mtu asiyejua. Ndani ya bomba la kiti kuna kutu, nimetoa kijiko kizima cha unga mwekundu. Uzito ni kilo mbili na nusu, na hakuna mstari ndani. Vikombe vyote viwili vimegoma kutoka hata kwa nyundo ya mti. Chini ya bomba la chini nimepitisha ukucha mchana, dirishani, shubiri mbili badala ya moja. Hakuna kitu. Nikamwita muuguzi naye akapitisha wake. Hakuna kitu.

Naitaka sana. Nakuambia mapema, ili usije ukaniambia panda kwa sababu hiyo.

Bintiyo