Uso wa Asumani na Shamba la Pamba

Jumatatu, 4 Juni 1956
Misheni Kasongo. Darasa la filamu tena. Padri Aloisi anakata, mimi napaka gundi. Leo ni kuunganisha picha. Alichukua picha ya shamba la pamba lililomezwa na majani, akafuatisha na ya uso wa shemeji yangu Asumani, amelala kivulini siku ya soko. Sasa Asumani anaonekana mvivu aliyetupa shamba, na kutupa pamba ni kosa la kufungwa. Shamba lile si lake. Nilimwambia Padri.
"Ni mfano tu," akajibu.
Kwa nini amchague yeye?

Alhamisi, 7 Juni
Administrata, Mbelgiji anayetawala wilaya, alikuja kutazama. Uso ulipotokea akauliza, "Huyu mutu iko wapi?" Padri alikohoa. Nilisema shamba si lake. Administrata hakunigeukia. Padri hakusema ni mfano. Nilimngoja aseme.

Jumamosi, 9 Juni
Askari wamemchukua Asumani. Dada yangu Maria, mkewe, alikuja, mtoto mgongoni.
"Ndugu yangu, ile mashini yenu njo ilimusema kwa Administrata?"
Nikajibu ndiyo. Akakaa chini.
Namchunguza Padri. Anakula vizuri. Nina hasira.

Jumanne, 19 Juni
Kabambare, kwenye mavuno ya pamba. Padri amenipa kamera.
"Leo ongoza wewe. Nataka nyuso za wanaume wote."
Za nini? Hakueleza. Administrata amesimama pembeni yake. Niliwapanga watu mistari miwili, wakainama kuvuna. Mimi na kamera nyuma yao. Mzee mmoja aliuliza kwa sauti ndogo, "Tugeuke?"
"Hapana, baba. Muvune tu."
Niliogopa, nikaendelea kupiga picha.

Ijumaa, 17 Agosti
Filamu ya Kabambare imerudi kutoka Ulaya ilikosafishwa. Migongo tu, hakuna uso hata mmoja. Administrata alitoka kabla haijaisha. Padri aliitazama yote, akairudisha mwanzo, akatazama tena.
"Umeongoza vizuri."
Sijui ana maana gani. Labda amejuta. Labda ananitega. Simwamini, na sifa yake ilinifurahisha. Hilo ndilo baya.

Jumapili, 2 Septemba
Asumani ametoka gerezani. Amekonda. Maria alipika bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, tukala uani. Asumani aliuliza kama bado najifunza kazi ile. Nikasema ndiyo. Hakugomba. Alisogeza kiti chake polepole, akanipa mgongo kama wavunaji wa Kabambare, akaendelea kula.