Hamisi, Nani Alikutuma Uipake Rangi Pikapu?

Mdogo wangu Hamisi,

Pikapu yetu ilipotea mwaka juzi, Ijumaa ya harusi ya Zaituni, kwenye kizuizi cha wanajeshi kabla hujaingia Tororo, jua likiwa bado halijafika utosini. Naanza na hilo kwa sababu nasikia huko Kisumu unawaambia watu kwamba tulipata hasara kidogo wakati wa fujo. Hasara ile haikuwa kidogo, na siku ile hapakuwa na fujo yoyote. Palikuwa na bibi arusi, palikuwa na rangi mpya, na palikuwa na wewe.

Naandikia Busia upande wa Kenya, kwenye meza ya Mama Atieno muuza chai, maana kwetu ng'ambo ya mpaka karatasi yenye neno "mwanajeshi" inaweza kumpoteza mtu. Nimemwomba asiifunge barua hii. Wenzako wote wa Kisumu wanaoshuka hapa kunywa chai waisome kwanza ndipo wakuletee. Salamu za mdomo nimekutumia mpaka wabebaji wameanza kunikwepa sokoni, kwa kuwa hawana jibu la kuniletea. Basi safari hii waliobeba wajue walichobeba.

Nakumbuka ulivyokuwa mdogo. Mimi nilikuwa natoka Lumino na kikapu cha samaki kichwani, nakukuta umekaa kwenye jiwe pale njia panda, umefumba macho, unataja magari kwa mlio kabla hayajatokea kwenye kona. Hukukosea hata mara moja. "Lori la pamba, dada. Gea imemsumbua." Na kweli lingekuja lori la pamba, dereva anahangaika na gea. Nilikuwa natua kikapu, nakaa na wewe, samaki wanapigwa jua, tunasikiliza wote. Kwa hiyo usije ukawaambia watu kwamba dada yako alizaliwa na mizani mkononi. Ugonjwa ule wa kupenda magari tulikuwa nao wawili.

Na ulituingia vizuri siku ya kununua gari letu, Kasuku. Yule mnunuzi wa pamba wa Tororo alipokuwa anafunga mizigo kuondoka nchini na wenzake waliofukuzwa, wengine walikaa kando wakingoja aondoke walichukue gari lake bure. Sisi tulikwenda tukamlipa, na zaidi ya nusu ilikuwa jasho la samaki wangu. Milango miwili, jekundu, bampa linang'aa hata ungeweza kujipaka wanja kwa kujitazama humo. Jina la Kasuku nililitoa mimi. Kadi tuliandikisha kwa jina lako, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa na leseni, na kwa sababu sikuwahi kuwaza kwamba kati yangu na wewe karatasi inaweza kuwa ukuta.

Idi ile tulimweka Mama mbele, tukazunguka mji wa Tororo mpaka chini ya mwamba, madirisha wazi, redio inaimba. Mama alishika dashibodi kwa mikono miwili akasema, "Hamisi, mbona nimekaa chini ya watu wote?" Ulicheka mpaka gari likaingia kwenye majani. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, wewe thelathini na mmoja, na siku ile ungeniambia kuna kitu duniani kinachopita gari la kusifiwa, ningekuona mwongo.

Halafu umri ukaja. Yaani kwangu ulikuja.

Nilianza kuona kwamba Kasuku anakunywa galoni mbili za petroli kwenda na kurudi Tororo, na amebeba watu wawili na majigambo. Tuliponunua pikapu, galoni mbili hizo hizo zilipeleka magunia kumi na mawili ya dagaa na kurudi na saruji. Macho yangu yakahama. Zamani nikiona gari nilitazama rangi. Sasa nikainama kutazama springi. Nikauliza tairi zake ni namba gani na kama zinapatikana Busia au mpaka Nairobi. Nikauliza mtu mzima mwenye goti bovu atapandaje. Wewe uliniona nimeinama chini ya gari la watu, nguo imegusa vumbi, ukasema, "Dada, umezeeka ghafla." Nilicheka. Nilidhani na wewe uko njiani unakuja.

Wanajeshi nao walitufunza. Walikuwa wanachukua kila kinachong'aa, na mwenye gari zuri alirudi kwake kwa miguu, akishukuru kwamba amerudi. Ndipo tukamvusha Kasuku huku Kenya tukamficha kwa shangazi. Na ndipo kila msafirishaji wa Busia mwenye akili timamu akaanza kulichafua gari lake mwenyewe. Kwa watu wa mbali haya ni mambo ya wendawazimu, lakini sisi tuliyafanya. Fundi Opio, ambaye maisha yake yote alikuwa ananyoosha bodi, akawa analipwa kuzikunja. Tulipanga foleni kwake na magari mazima.

Unakumbuka zamu yetu? Opio alisimama na nyundo, akaniuliza kwa heshima zake zote, "Mama, nigonge wapi?" Nikamwambia agonge mlango wa dereva, kisha bampa, kisha taa moja aifunge kwa kamba ya mpira kama inataka kuanguka. Nyundo ilipotua ya kwanza uligeuka ukatazama ukutani. "Dada, unaiua." Nikakujibu naificha. Majivu tulipaka, oili chafu tulimwaga, kiti tukakivisha magunia ya dagaa yaliyonuka kabisa. Chini ya uchafu ule injini ilikuwa mpya, springi mpya, breki zinashika. Ndiyo maana yake. Uzima wote ulikuwa ndani, nje tukaacha takataka.

Na ilifanya kazi. Kwenye vizuizi ulikuwa unapita kila wiki, na ukirudi unatuigiza yule afande mrefu akiziba pua, kwa Kiswahili chake kibovu: "Hii gari nanuka kama maiti. Wewe nakwenda, toka hapa." Mama alikuwa anacheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya leso. Harufu ile ilituezekea nyumba mabati. Harufu ile ilimlea Zaituni, mdogo wetu wa mwisho, mpaka akaposwa na watu wa heshima wa Tororo. Hapakuwa na mjumbe wala mkubwa yeyote aliyetulinda miaka ile. Tulilindwa na dagaa.

Kisha ikafika harusi. Mimi nilitangulia Tororo kusaidia mapishi. Nilikuachia pikapu umlete bibi arusi, na nilikuachia neno moja tu: tandika mkeka safi juu ya magunia, basi. Nilipogeuka mgongo ukaenda kwa Opio akainyoosha milango. Ukaipaka rangi ya samawati. Ukaikogesha kwa sabuni, Hamisi, sabuni ambayo wenye watoto wachanga walikuwa wanaivusha mpakani kwa magendo ndani ya nguo zao, wewe ukaisugulia bampa. Magunia ukayatupa. Mama alikuuliza, ukamwambia bibi arusi hawezi kunuka samaki, na kwamba ni siku moja tu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa wakwe, mkononi kijiko cha pilau, nilipomwona Zaituni anakuja kwa miguu kwenye vumbi, viatu ameshika mkononi, hina imemtoka kwa jasho. Wewe hukuwa naye. Ulikuwa umeshakata mapori kuja Kenya. Ulituma neno kwamba walikuwekea bunduki kifuani wakakunyang'anya, na kwamba huwezi kurudi. Nililia. Niliwaambia watu, mwacheni mdogo wangu, ameponea chupuchupu. Miaka miwili nimekutetea kila baraza la wanawake, na wapo waliosema niliiuza pikapu kwa siri, nikawanyamazia ili wasije wakaanza kukuuliza wewe.

Mwezi uliopita Zaituni amejifungua, nimekwenda kumwogeshea mtoto, na ndipo alipoyatoa aliyokuwa amekaa nayo. Anasema hakuna aliyeelekeza bunduki. Afande alizunguka pikapu, akapitisha kidole kwenye rangi, akauliza gari nzuri hivi ya nani. Ungeweza kusema ya tajiri fulani. Ungeweza kusema imeharibika gea, unaisukuma kwa maombi. Ungeweza kunyamaza tu, ukawa mjinga kama sisi wote tulivyokuwa wajinga kwenye vizuizi ili tuishi. Zaituni anasema ulishuka ukasimama karibu na afande kama mnatazama ng'ombe mnadani, ukasema:

"Ya kwangu, afande. Injini haijatimiza mwaka, nimeifunga mwenyewe. Hata springi ni mpya."

Naye akasema, "Basi lete ufunguo, nasikia hiyo injini."

Hamisi. Mwizi ni yule mwenye bunduki, hilo najua, na sitakubali mtu anifundishe. Lakini yeye alikuwa ameona rangi tu. Springi alizionyeshwa na wewe. Siri tuliyoifukia kwa majivu na oili na uvundo, uliifukua kwa mdomo wako, kwa sababu hukuweza kuvumilia mtu mmoja, hata kama ni yule, aondoke bila kujua kwamba una gari zuri.

Tangu siku ile narudi nyuma. Nakodisha nafasi kwenye malori ya watu, nalipia gunia moja kama lina roho. Na Mama nyonga imeisha. Hospitali ya Masafu wanamtaka kila baada ya wiki mbili, na anakwenda kwa baiskeli ya boda boda, amefungwa leso kiunoni pamoja na mwendeshaji ili asidondoke kwenye mashimo. Mwendeshaji ni mtu mwema, anamwita nyanya, anashuka kwenye vilima akakokota. Mama akirudi anajilaza ubavu mmoja mpaka jioni. Safari iliyopita amesema hatakwenda tena, heri alale na maumivu yake.

Wewe Idi iliyopita ulifika kwa shangazi hapa Busia na Kasuku, uliyemchukua ulipohamia Kisumu, amesuguliwa, anawaka. Tukamvusha Mama aje akuone. Ukataka umzungushe mjini kama zamani. Kuingia, alianguka ndani. Kutoka, tulimvuta wanawake wanne, mmoja amekamata mguu, kama watu wanang'oa muhogo. Alicheka ili usione aibu. Nyuma ya nyumba alilia, na wakati huo wewe ulikuwa unawaonyesha vijana redio mpya. Una miaka thelathini na saba. Una mvi, nimeziona. Una watoto wanne, na mkeo ameniambia kwamba kwa vile hawatoshi ndani ya Kasuku, wakubwa wawili mnawaacha nyumbani kwa zamu. Gari gani hilo ambalo baba anachagua mtoto wa kuondoka naye?

Sasa sikiliza, maana nakuja kwenye jambo lenyewe. Siku ile ya Idi kulikuwa na mwalimu mgeni kutoka Bumala, miaka ishirini na minne, kazi yake ya kwanza. Alimzunguka Kasuku, akapapasa bampa, akainama kujitazama meno. Nilimwona nikakuona wewe kwenye jiwe. Marehemu baba yake amemwachia pikapu ya kijivu na anaona haya kuiendesha mbele ya walimu wenzake. Nimezungumza naye. Yuko tayari kubadilisha, gari kwa gari, bila nyongeza.

Nimekwenda Bumala, nimelala chali chini ya hiyo pikapu. Springi ziko sita kila upande, nzima. Chesisi haina ufa. Moshi wake wa asubuhi ni mweupe kidogo kisha unakatika. Kiti kiko juu, kiasi cha kiuno cha Mama, yaani anaegemea tu, anageuka, ameketi. Mlango umeshabonyea, fundi Opio hana haja ya kuugusa. Namba zake ni za Kenya, na ubaya wake ni wa kuzaliwa nao. Tairi zake ninazo mbili nyumbani tangu wakati ule wa pikapu yetu.

Kinachokosekana ni sahihi yako. Mwalimu atasubiri mpaka Jumamosi, na atakuja mwenyewe huko Kisumu kumchukua Kasuku. Jumapili anamkabidhi mfanyabiashara wa mahindi aliyeitaka kabla yangu. Mama siku yake ya Masafu ni Jumatatu, na sijamwambia lolote, kwa sababu akitumaini halafu nikamfungia leso tena kwenye baiskeli, nitakuwa nimemkosea kuliko ulivyomkosea wewe.

Sikuombi unirudishie pikapu ya zamani. Sikuombi hata uje uombe radhi, ijapokuwa Zaituni anakungoja kwa hilo na mimi sitakutetea tena. Nusu ya Kasuku ni yangu na zaidi, nawe unajua. Nataka ufanye jambo moja la mtu mzima.

Alhamisi basi la Kisumu linafika Busia kabla ya adhuhuri. Mpe utingo kadi ya Kasuku ikiwa na sahihi yako, au mpe karatasi uliyoandika kwa mkono wako kwamba umekataa. Usimpe salamu, usimpe sukari ya Mama, usimpe maelezo. Nitamngoja utingo huyo mlangoni mwa basi, na wanaoisoma hii leo watakuwepo wengi. Unabadilisha, au hubadilishi?

Mimi dada yako.